Tarehe Haiulizwi na Mtu Mmoja

Kila asubuhi nalifuta vumbi lile kasha kabla sijanywa chai. Ni kasha la chuma, ukubwa wa matofali mawili yaliyolazwa pamoja, limefungwa kwa nati ukutani nyuma ya mashine ya kuonyeshea, pale pale Kampuni ya filamu iliposema lifungwe. Lina taa moja. Taa ikiwa nyekundu, filamu iliyomo haitoki hata ulipige nyundo. Ikiwa kijani, linajifungua lenyewe. Huu ni mwezi wa kumi na nne taa ni nyekundu. Ndani mna filamu ya thelathini na moja ya Koti, na ndani ya filamu hiyo mna sauti ya mke wangu, inasema maneno ambayo sijawahi kuyasikia.

Mwenyewe yuko makaburini Isevya, miezi minane sasa. Hakuona taa ya kijani.

Koti mnamjua. Jasusi wa Kizungu anayevaa koti la kijivu hata jangwani. Babu yangu alimwangalia, baba alimwangalia. Amechezwa na waigizaji tisa. Mmoja akichakaa wanaweka mwingine, koti ni lile lile. Hapa Tabora tumemfuata miaka yote hiyo kwenye vibanda, na chetu kilikuwa karibu na stesheni, mabenchi ishirini na mawili, bati juu, turubai jeusi madirishani. Mimi nilikuwa mtu wa mashine. Jenereta, nyaya, spika. Msimulizi alikuwa Nyamizi.

Alikuwa anakaa kwenye kiti kirefu pembeni ya pazia na kipaza sauti chake. Filamu inasema Kizungu, yeye anasema Kiswahili, na sauti zote ni yeye: Koti, adui, mama yake adui, mbwa. Mara ya kwanza watu walicheka, mwanamke atakuwaje Koti. Baada ya wiki mbili hawakutaka Koti mwingine. Umeme ukikatika katikati, haruki mtu kudai kiingilio. Nyamizi anaimalizia filamu kwa mdomo gizani, na wapo walioapa kwamba ya gizani ilikuwa nzuri zaidi.

Halafu zilikuwepo salamu. Risasi zinalia, Koti kajibanza nyuma ya pipa, Nyamizi anavuta pumzi kwa meno, sss, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi, kisha anasema, "Koti anahesabu risasi zake hapo, na mimi nawasalimu mafundi wa gereji ya Kanyenye, na Mama Sizya wa maandazi, mguu upone." Ukumbi mzima unajibu, "Tumepokea." Usipojibu umemtukana msimulizi. Ukumbi ulikuwa unaisikia ile pumzi tu, watu wanajiweka sawa.

Mimi sikuwa najibu. Niko nyuma na jenereta, mikono ina mafuta, nitajibu nini. Alikuwa ananiambia tukifunga, "Fundi, miaka yote hii nawasalimu watu, wewe hujanijibu hata siku moja." Namwambia mimi nakusikia. Anasema kusikia si kupokea.

Basi, wakubwa wa Kampuni nao. Filamu ya ishirini na tisa walileta sauti ya mashine. Kiswahili safi, cha taarifa ya habari. Koti ananyongwa anasema, "Tafadhali, legeza mkono wako." Watu walinyanyuka benchi kwa benchi wakatoka. Ya thelathini ikawa vile vile. Kwa hiyo ya thelathini na moja, ambayo walitangaza dunia nzima kwamba ni ya mwisho na Koti anakufa, wakaja kumtafuta Nyamizi. Walikodi chumba cha hoteli, wakabandika magodoro ukutani, wakamrekodi siku tisa. Figo zilikuwa zimeshamchoka. Jumatatu na Alhamisi alikuwa hospitali anasafishwa damu, siku zilizobaki anamuuza Koti. Mimi walinikalisha kwenye korido. Walimwekea na sharti: marufuku kuongeza neno lisilo la filamu. Salamu hakuna.

Kasha likaja. Taa nyekundu. Nyamizi akaanza kungoja. Alikuwa na haja moja tu, akae kwenye benchi kama watu wengine, ajisikie. Mwezi wa nne wa kungoja akanishika mkono akasema, andika barua. Nikaandika, na mwandiko wangu huu wa darasa la tano, kwamba msimulizi ni mgonjwa na anaomba asikie kazi yake hata peke yake, mlango umefungwa. Jibu lilikuja mstari mmoja. *Tarehe ya kutoka haiulizwi na mtu mmoja.* Nililiweka kwenye kopo la majani ya chai. Mwezi wa sita wa kungoja akafariki.

*

Afisa wa Kampuni alifika kwa treni ya saa nne, ile isiyo na dereva. Binti wa miaka thelathini na kitu, viatu vya Dar, begi mgongoni. Alisimama mlangoni pa kibanda akazoea giza kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa miezi minane."

Alisema anaitwa Frida Kyando, Afisa wa Tarehe kanda hii, na amekuja kwa ajili ya bangili. Nikamwonyesha mkono. Bangili ilikuwepo, plastiki nyeusi, imekaa juu ya mshipa kwa miaka mitatu.

Hapa niseme, maana watu wengi wanadhani tarehe inatoka mfukoni mwa mtu. Kila lugha Kampuni imechagua watu kumi na wawili, ikawavisha bangili. Sisi wa Kiswahili tumetawanyika kuanzia Lubumbashi mpaka Lamu. Bangili inapima damu inavyokwenda, jasho, usingizi, unavyoamka. Inaviita vyote hivyo hamu. Vipimo vinakwenda kwenye mashine yao kubwa wanayoiita Mizani, na Mizani inachora mstari. Frida alinichorea kwa kidole kwenye vumbi la benchi. Hamu ikipanda, wanangoja. Ikianza kuinama, siku hiyo hiyo wanatoa, kwa sababu watu ndipo wanakuwa na njaa kabisa na bado hawajakata tamaa. Kifaransa kilishatoka. Kihindi kilishatoka. Kiswahili mstari unapanda tu.

"Wenzako kumi na mmoja walishainama toka Machi," akasema. "Unaopanda ni wako, mzee. Na umepanda mpaka umewabeba wote."

Nikamuuliza ulianza kupanda lini. Aliangalia kioo chake. Akataja tarehe. Ilikuwa siku ya arobaini ya Nyamizi, watu walipokwisha kula wakakunja majamvi yao wakaenda.

Nadhani Frida alikuwa anaijua hiyo tarehe kabla hajapanda treni. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba Mizani haijui hamu ni ya nini. Inajua ni kiasi gani.

Nikajaribu kuivua bangili nimrudishie. Akanizuia. Kuvua hakusaidii, Mizani inashikilia kipimo cha mwisho mwaka mzima. Na Kampuni haiwezi kumwondoa mpimwa bila saini yake. Iliwahi kuwaondoa watu kinyemela, ikashtakiwa. Ndiyo maana yuko hapa na karatasi mbili, na sheria inamlazimu anisomee zote.

Ya kwanza ilikuwa ya kijani. Nikisaini hiyo nimethibitisha kwamba hamu yangu ni ya filamu. Wakubwa Dar wameupenda sana ule mstari, wanasema Koti mwenye hamu ya namna hii hafi. Watalirudisha kasha, watabadilisha mwisho, Koti ataamka. Itatoka labda mwakani, labda mwaka wa pili, kisha ya thelathini na mbili, ya thelathini na tatu. Zote kwa sauti ya Nyamizi, itakayotengenezwa na mashine kutokana na zile siku tisa.

Ya pili nyeupe. Fomu ya kifaa kibovu. Nikisaini hiyo, nimekiri kwamba bangili yangu imeharibika na imepima uongo tangu ile siku ya arobaini. Mstari wangu unafutwa, filamu inatoka kama ilivyo ndani ya siku saba, Koti anakufa, mambo yamekwisha.

"Kifaa hakijaharibika," nikasema.

"Najua, mzee."

"Kimepima sawasawa. Nyinyi ndio mliouliza vibaya."

Akasema wamemtuma pia aniachie kitu. Alibonyeza kioo chake, na pale kibandani, saa tano asubuhi, mke wangu akasema, "Mihayo, umekula?"

Ilikuwa sauti yake. Mkwaruzo wake ule wa asubuhi ulikuwepo. Nilikaa kwenye benchi. Frida alikuwa anaangalia pembeni, kilipo kiti kirefu. Nikamwambia airudie. Akairudia. Nikamwambia tena.

Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba Nyamizi hakuwahi kuniita Mihayo. Alikuwa ananiita Fundi. Mashine ilipewa jina langu kutoka kwenye makaratasi. Lakini nisiwadanganye, hata baada ya kulijua hilo nilitaka mara ya nne. Mtu anaweza kujua maji si safi akanywa.

Nilimfukuza kwa adabu. Nikamwambia sisaini ya kijani, sisaini nyeupe. Mke wangu aliwaandikia mkamjibu mstari mmoja. Nami nawajibu mstari mmoja. Akasema atakuwepo gesti siku tatu, halafu wakubwa watakaa kikao wakiamini nimekubali ya kijani kwa kunyamaza, ndivyo mkataba unavyosema. Nikamwambia mkataba wenu ule nilioshindwa kuusoma, sawa.

Alipoondoka nililifuta kasha mara ya pili.

*

Mji huu hauna siri. Jioni nilipokwenda kwenye kahawa pale stesheni walikuwa wameshajua, na walionikuta njiani walinitazama mkono, hawakunitazama uso. Muuza kahawa alinimiminia akaniambia kikombe hiki bure, kwa ajili ya mwenye nchi. Mwingine akadakia kwamba Mzee Mihayo aoe tu, akioa hamu itashuka, na Jumamosi tutaona Koti. Walicheka. Yule yule aliyesema hivyo alibeba jeneza pamoja nami. Mtu akiwa na uchungu wa kungoja husema lolote, mimi najua, nilikuwa huko.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira tamu. Kwa mara ya kwanza maishani wakubwa walikuwa wanangoja kitu kutoka kwangu. Walimngojesha Nyamizi mpaka akaisha. Basi na wao wakae hapo. Nilijipikia ugali wa mtu mmoja. Nikishajipakulia sufuria inabaki na ukoko tu. Sijajua mpaka leo kupika wa mtu mmoja usiungue.

Asubuhi yake alikuja Kapalata. Kapalata alikuwa akipindisha reli pale njia panda ya treni ya Mwanza na ya Kigoma, kabla haijaanza kupindishwa na kompyuta. Ni mtu wa ukoo wa Nyamizi, kwa hiyo sisi ni mashemeji, na benchi la mbele lilikuwa lake tangu tunafungua kibanda. Siku hizi anatembea na fimbo. Ana presha ya macho. Ukimuuliza anakwambia jicho la kushoto limeshafunga duka, la kulia linauza rejareja. Daktari wa misheni alimwambia labda litaona mpaka mvua za kwanza. Na sasa ilikuwa Septemba.

Alikaa akaomba chai. Nilipofungua kopo la majani nikaiona barua imekunjwa mle ndani, nikaitoa nikaiweka mezani ili nichote. Akauliza ni karatasi gani hiyo, nikamsomea. Hakuwahi kuisikia.

Alikunywa mpaka nusu. Nilijua alichokuja nacho nikawa nimejiandaa, maneno yangu yote kuhusu Kampuni nimeyapanga kama mawe. Hakuniomba. Alizungumzia treni ya jana, imechelewa na haina hata mtu wa kumlaumu. Alizungumzia kuku wake. Halafu akanyoosha kidole mezani akaigusa barua, akaipapasa kama anatafuta maandishi yaliko.

"Dada yangu alingoja tarehe ya wakubwa," akasema. "Mimi nangoja yako. Sioni tofauti, shemeji, ila wakubwa wale sipajui kwao. Kwako napajua, nimekuja kwa miguu."

"Wale walikuwa na sababu ya pesa," nikasema. "Mimi nina sababu."

"Itaje basi."

Nilitaka kumwambia kisasi. Ni sababu nzuri, mwanamume yeyote anaielewa. Lakini yule mzee alikuwa amenigeuzia lile jicho lake la rejareja, ananitafuta ilipo sura yangu, na nikaona haya kumdanganya mtu ambaye hawezi kuniona nikidanganya.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia kwamba Nyamizi ameshasema kila kitu alichokuwa nacho. Ndoto zimeisha, jumbe zake za simu nimezisikiliza zote, kaseti za zamani zimekwisha kuharibika. Kilichobaki kipya kutoka kwake duniani kimo mle kwenye kasha. Siku taa ikiwa kijani nitakisikia, kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, na baada ya hapo hatasema tena kitu ambacho sijakisikia. Taa ikiwa nyekundu, bado ana neno. Kila asubuhi naamka bado ana neno.

Kapalata alimaliza chai yake.

"Na ile ya mashine?" akauliza. "Wanasema itaongea milele."

"Nimeisikiliza mara tatu."

"Nyamizi ndiye?"

Nilifikiri. Kulikuwa na kitu kimenikera tangu jana, kitu zaidi ya lile jina, na sikukipata mpaka aliponiuliza. Nikamwambia, "Haivuti pumzi, shemeji. Inaanza tu kusema."

Akatikisa kichwa taratibu. Akachukua fimbo yake. Mlangoni alisema hana neno na mimi, kwamba akikosa kuona basi atakaa asikilize, mradi awe hai. Hakulisema kwa kunichoma. Ingekuwa nafuu angelisema kwa kunichoma.

Nilibaki na barua mezani. *Haiulizwi na mtu mmoja.* Niliisoma tena, na safari hii niliisoma kama mtu aliyeiandika. Naijua kazi yake sasa. Unakaa mahali, mtu mgonjwa yuko mahali pengine, wewe una sababu zako, na kumjibu hakukugharimu kitu.

*

Frida alikuja mchana ule ule nilipompigia. Nilimwambia anipe nyeupe. Alinisomea tena ya kijani kwanza, ndiyo sheria, na nilimwacha asome. Kisha akaniuliza kama nimeelewa kwamba filamu ikishatoka mfululizo unafungwa, na sauti ya mama haitatumika popote tena. Nikasema hilo ndilo nalisaini.

Mwanzo kulikuwa na jina, namba ya bangili, eneo. Nikajaza polepole. Chini kabisa kulikuwa na mahali pameandikwa *Sababu ya ubovu*. Frida akasema kwa kawaida watu wanaandika maji, au kuanguka, au joto. Nikashika kalamu. Mkono wangu si wa kalamu, herufi zangu zinalala kila moja upande wake. Nikaandika: *Nyamizi.*

Aliisoma. Akasema inabidi aichape kwenye mfumo, na mfumo una orodha ya sababu.

"Chapa hivyo hivyo," nikamwambia. "Ikikataa tutaandika joto."

Akachapa. Mashine ilifikiri kidogo ikakubali. Nimeona mara nyingi, mashine haina ubishi. Ubishi uko kwa watu wanaokaa nyuma yake.

Nikaivua bangili. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe, kama ya mtu mwingine. Frida aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, akauandika namba, kisha akakaa nao mapajani badala ya kuuweka begini. Akasema barua ile iliandikwa na mtangulizi wake. Nikamwambia sikumuuliza. Akasema anajua, ila yeye ndiye aliyeikuta kwenye faili na barua yangu nyuma yake, mwandiko huu huu.

"Treni yako saa ngapi?" nikamuuliza.

"Leo. Ila filamu itatoka Jumamosi, naweza kungoja, mzee, kama nafasi kwenye benchi ipo."

Nikamwambia mabenchi ni ishirini na mawili.

*

Jumamosi saa nne asubuhi taa ikawa kijani. Haikulia wala haikumetameta. Nilikuwa na kitambaa mkononi nafuta vumbi, nikaona rangi imebadilika juu ya vidole vyangu.

Saa nane kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekaa chini kati ya mabenchi. Yule wa kusema nioe alikuja na mkewe, akanisalimu akiangalia viatu. Kapalata alikuwa benchi la mbele, uso ameuinua na kuugeuza kidogo ili jicho la kulia lipate pazia lote. Frida nyuma karibu nami. Kiti kirefu kilikuwa mahali pake pembeni ya pazia. Watu walibanana, walikaliana mapajani, na hakuna aliyekigusa.

Niliwasha mashine.

Sitawasimulia filamu. Mtaiona wenyewe, na mimi si msimulizi. Nitasema tu kwamba alipofungua mdomo mara ya kwanza, kama Koti, sauti nzito ile ya kuazima, ukumbi ulitoa mguno mmoja kama watu waliotuliwa mzigo. Alikuwa mzuri. Alikuwa mgonjwa, anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, na alikuwa mzuri kuliko siku zote. Adui alipokuja na sauti ya puani watu walicheka mpaka nikakosa maneno mawili, nikawachukia kwa hayo mawili. Nilikuwa nayahesabu. Nilikuwa nakula polepole.

Kampuni ilikuwa imesafisha. Hakuna kukohoa, hakuna kiti kulia, na salamu hakuna, kama walivyomwekea sharti. Risasi zilipolia na Koti kujibanza, mahali pale pale pa siku zote, ulikuja muziki tu. Watu walijiweka sawa kwenye mabenchi kwa mazoea, wakakuta hakuna kitu, wakatulia. Niliona mgongo wa Kapalata ukiinuka kisha ukashuka.

Karibu na mwisho Koti amekaa stesheni ya treni mahali penye theluji. Ana risasi tumboni. Bibi mkuu wa majasusi, aliyemtuma miaka yote, amekuja kukaa karibu naye kwenye benchi, na hawana la kusema. Koti anavua lile koti. Hakuwahi kulivua filamu thelathini. Analikunja, analiweka katikati yao. Theluji inaanguka. Kimya. Kimya kirefu kabisa, na kibanda chote kimya, naisikia jenereta yangu huko nje.

Na ndani ya kimya kile, kwenye spika zangu mwenyewe nilizozifunga kwa mikono hii, ikasikika pumzi.

Sss. Kwa meno. Kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Halafu hakuna. Theluji tu. Walikata. Nyamizi, na sharti lao kichwani na damu yake imechakaa, alitia salamu pale mwishoni, ya mwisho katika maisha yake, na kuna mtu mahali fulani aliyekaa kwenye kiti akaikata kwa sababu si neno la filamu. Lakini yule mtu hakuwa wa huku. Aliyakata maneno. Pumzi hakujua ni nini, akaiacha.

Aliwasalimu akina nani sitajua. Gereji, Mama Sizya, madaktari. Labda mtu aliyekuwa amekalishwa kwenye korido. Na lile neno nililosema kwa miezi minane kwamba bado analo, niliona limekwenda, limetupwa kwenye sakafu ya wakubwa, na hakuna fomu ya kulirudisha.

Benchi la mbele Kapalata alikuwa ameinamisha kichwa, jicho lake la kulia amelifumba, la mwisho lile, katikati ya filamu aliyoingoja. Alikuwa anasikiliza. Kisha akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejibu hodi:

"Tumepokea."

Benchi la pili likasema. La tatu, la nne. Watu waliokaa chini wakasema. Yule wa kusema nioe na mkewe wakasema. Haikuwa kwa pamoja kama zamani, ilikuja kidogo kidogo kutoka mbele kuja nyuma, ikanifikia nilipo, ikampita Frida, ambaye hakujua ni nini akasema hata hivyo. Ikaisha. Kwenye pazia Koti alikuwa ameshakufa, bibi mkuu analichukua koti, na kibanda kimetulia tena.

Mimi nilikuwa na mafuta mikononi. Nilijifuta kwenye suruali, kwanza mkono mmoja, kisha wa pili. Sauti yangu haijazoea mle ndani, ilitoka mbaya, na ilikuwa imechelewa kuliko za wote.

"Tumepokea," nikasema.